Influenza, Bonde la Ufa, Ebola au vaksinia: kirusi kipi kikufundishe kinga ya asili?

Mwanafunzi wa uzamili wa tiba, mifugo au baiolojia ya molekuli hufika mahali ambapo nadharia ya kinga ya asili ameshaimeza, na sasa msimamizi anamtaka achague kirusi kimoja akifuatilie: kwa semina, kwa tasnifu, au kwa kazi ya maabara ya mwaka mzima. Wengi hutaja Ebola kabla swali halijaisha. Siwalaumu, kina jina. Ila jina halifundishi, na hapa nitaeleza kwa nini kati ya virusi hivi vinne Ebola naiweka mwisho kwa mtu anayeanza, na kwa nini kirusi kilichoua wanakondoo karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1930 nakiweka juu ya vyote.

Kigezo changu ni kimoja. Kirusi kinachofundisha vizuri ni kile unachoweza kukinyang'anya silaha yake ukaona kinga ikikishinda, kisha ukaivunja kinga yenyewe ukaona kirusi kile kile, bila silaha, kikiua tena. Jaribio la upande mmoja haliniridhishi. Kirusi kilichopoteza jeni huweza kudhoofika kwa sababu nyingi: pengine hakinakili jenomu yake sawasawa, pengine hakijifungi vizuri kinapotoka kwenye seli. Kikipata nguvu tena ndani ya mnyama asiye na interferoni (protini ambayo seli iliyoambukizwa huitoa kuwaonya jirani zake) au asiyeweza kuisikia, hapo ndipo unajua kwamba jeni ile ilikuwepo kwa ajili ya kupambana na interferoni. Nitaliita jaribio la pande mbili.

Tukumbushane kidogo

Kinga ya asili haina habari na jina la kirusi. Inachotafuta ni vitu vilivyokaa pasipo pake: RNA ya nyuzi mbili ndani ya saitoplazimu, RNA yenye fosfeti tatu kwenye ncha yake, DNA iliyo nje ya kiini cha seli. RIG-I, kihisi kilichotambuliwa mwaka 2004 na kundi la Takashi Fujita nchini Japani, hushika RNA fupi yenye fosfeti tatu. MDA5 hushika nyuzi mbili ndefu. cGAS, iliyotangazwa na maabara ya Zhijian Chen mjini Dallas karibu miaka kumi baadaye, hushika DNA. Vipokezi vya ukoo wa TLR vinalinda vifuko ambamo virusi vingi huingilia.

Njia ni tofauti lakini zinakutana. IRF3 na NF-κB, protini zinazowasha jeni, huingia kwenye kiini, jeni za interferoni huwashwa, na interferoni hutoka nje ya seli kwenda kwa majirani. Ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo. Seli za jirani zikiisikia, kupitia kipokezi IFNAR na protini za STAT1 na STAT2, huwasha mamia ya jeni za kujihami. Miongoni mwa mazao ya jeni hizo ni PKR, inayosimamisha utengenezaji wa protini, na Mx, inayonasa virusi kadhaa kabla havijaanza kazi.

Kwa hiyo kirusi kina nafasi tatu za kuhujumu: kujificha vihisi visikione, kuzuia interferoni isitengenezwe, au kuziba masikio ya seli ambazo zingeisikia. Hawa wanne wamegawana nafasi hizo kwa namna ambazo hazifanani.

| | Influenza | Bonde la Ufa | Ebola | Vaksinia |
|---|---|---|---|---|
| Jenomu | RNA, vipande 8 | RNA, vipande 3 | RNA, uzi mmoja | DNA, jeni 200 hivi |
| Silaha kuu | NS1 | NSs | VP35 na VP24 | nyingi: B18, E3, K3, poxin na nyingine |
| Ngazi ya usalama wa maabara | 2 kwa aina za kawaida | 3 | 4 | 2 |
| Jaribio la pande mbili | lipo, safi | lipo, safi | gumu | jeni zinafunikana |

Influenza

Interferoni yenyewe iligunduliwa kwa kirusi hiki. Mwaka 1957, huko Mill Hill, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliweka influenza iliyouawa kwa joto juu ya vipande vya utando wa yai la kuku, kisha wakaona utando huo unakataa kuambukizwa na kirusi hai. Majimaji yaliyouzunguka yalipohamishiwa kwenye utando mwingine, nao ukakataa. Kitu kilichokuwa ndani ya majimaji hayo wakakiita interferoni.

Silaha ya influenza ni NS1. Hufunika RNA ya nyuzi mbili, huizuia TRIM25 isiiamshe RIG-I, na katika aina nyingi za kirusi huishika CPSF30, protini ambayo seli huihitaji ili kukamilisha mRNA zake, ya interferoni ikiwemo. Mwaka 1998 Adolfo García-Sastre na wenzake, New York, waliiondoa jeni ya NS1 nzima. Kirusi kilichobaki kilishindwa kuwadhuru panya wa kawaida. Kwa panya wasio na STAT1 kiliua. Baadaye ikaonekana pia kwamba virusi vyenye NS1 mbovu hukua kwenye mayai yenye kiinitete cha siku sita au saba, lakini hukwama kwenye mayai ya siku kumi na zaidi, ambamo mfumo wa interferoni umeshakomaa. Napenda sana jambo hili, kwa sababu mwalimu ambaye chuo chake hakina panya walioondolewa jeni anaweza kulieleza darasani kwa trei ya mayai.

Kwa hiyo kwa bei, kwa usalama na kwa wingi wa maandiko, influenza inaongoza. Ina mitego miwili ambayo mwanafunzi haambiwi mapema. Wa kwanza ni panya. Lindenmann huyohuyo alionyesha mwaka 1962 kwamba panya wa ukoo wa A2G hustahimili influenza, na chanzo chake kikaja kujulikana kuwa jeni ya Mx1. Koo nyingi za panya wanaouzwa kwa ajili ya maabara zina Mx1 iliyoharibika. Maana yake ni kwamba panya wako wa "kawaida" tayari ni mgonjwa wa kinga, na kirusi kinaonekana kikali kuliko kilivyo. Wa pili ni PR8, aina ya maabara inayotumika kuliko zote: NS1 yake haishiki CPSF30 vizuri. Ukichagua PR8 ukasema umechunguza NS1, umechunguza nusu yake.

Bonde la Ufa

Daubney, Hudson na Garnham waliandika mwaka 1931 juu ya vifo vya wanakondoo na kondoo waliotupa mimba katika shamba karibu na Naivasha. Tangu hapo kirusi hiki hurudi na mvua kubwa, kikibebwa na mbu. Kilirudi mwaka 1997 hadi 1998, kikarudi tena 2006 hadi 2007 katika Kenya, Somalia na Tanzania, na katikati ya hapo, mwaka 2000, kilishajitokeza ng'ambo ya Bahari ya Shamu, Saudia na Yemeni. Mfugaji, daktari wa mifugo na mchinjaji wanakifahamu kuliko vitabu vingi vya kinga vinavyokitaja kwa mstari mmoja.

Kama ningekuwa na mwanafunzi mmoja tu na semina moja tu, ningempa NSs.

Kirusi hiki huzaliana kwenye saitoplazimu peke yake. Hakina haja na kiini cha seli kwa lolote. Hata hivyo protini yake NSs huingia kwenye kiini na kujipanga kuwa nyuzi nene ambazo hadubini ya kawaida yenye mwanga wa rangi huzionyesha. Mtu akiziona kwa mara ya kwanza huuliza swali sahihi: inatafuta nini humo? Inatafuta TFIIH, mashine ambayo bila hiyo seli haiwezi kuanza kunakili jeni zake. NSs hunasa kiungo kimoja cha mashine hiyo, p44, na kiungo kingine, p62, hukipeleka kikaharibiwe. Kazi hiyo inachukua muda, na interferoni-beta ingeweza kuponyoka kabla haijakamilika. Kwa hiyo mapema, saa chache tu baada ya maambukizi, NSs huwa imeshaitumia SAP30, protini ya seli yenyewe inayonyamazisha jeni, kuifungia jeni ya interferoni-beta kipekee, isubiri seli nzima izimwe.

Kisha kuna PKR. NSs huipeleka kwenye proteasomu ikasagwe. Kwa mtazamo wa haraka hili linaonekana ziada, kwa kuwa jeni za seli zimeshazimwa. Lakini PKR haingoji jeni mpya. Ipo tayari ndani ya seli, na ikiamka husimamisha ribosomu zote, za kirusi na za mwenyeji. Kirusi kinataka jeni za seli zinyamaze huku ribosomu zake zikiendelea kufanya kazi, basi lazima PKR iondoke. Protini moja, hujuma tatu, na kila moja inaziba mwanya ulioachwa na nyingine. Sijaona mfano mwingine unaolieleza suala la muda ndani ya kinga ya asili kwa uwazi namna hii.

Jaribio la pande mbili lipo, na nusu yake haikutengenezwa na mtu. Clone 13 ilipatikana kutoka kwenye sampuli ya mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati ambaye hakufa. Ilipochunguzwa, takriban asilimia 70 ya jeni ya NSs haikuwepo. Mwaka 2001 Michèle Bouloy na wenzake walionyesha kwamba panya wa kawaida hustahimili Clone 13, na hutoa interferoni nyingi mapema. Panya wasio na IFNAR walikufa kwa kirusi hichohicho.

Kuanzia hapo somo linaingia zizini. Clone 13 ilisajiliwa kuwa chanjo ya mifugo Afrika Kusini. Ilinganishe na chanjo kongwe ya Smithburn, iliyotokana na mbu waliokamatwa magharibi mwa Uganda katika miaka ya 1940. Hiyo ilidhoofishwa kwa kupitishwa tena na tena kwenye ubongo wa panya, na mpaka leo huweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Udhaifu wa Clone 13 tunajua uko kwenye jeni ipi na unafanya nini. Hata hivyo usiandike kwamba ni salama bila masharti: dozi kubwa ilipotolewa kwa kondoo waliokuwa mwanzoni mwa mimba, kirusi kilivuka kondo la nyuma na kudhuru vijusi. Mwanafunzi mzuri atajiuliza kijusi cha umri huo kina interferoni kiasi gani, na hapo tasnifu imeshaanza.

Ubaya wake ni mmoja, na ni mkubwa. Kirusi kamili huambukiza kwa hewa ndani ya maabara na huhitaji ngazi ya 3. Njia ya kutokea ni MP-12, aina iliyodhoofishwa kwa kemikali kutoka kwenye kirusi cha Misri, ambayo Marekani huruhusu ishughulikiwe kwenye ngazi ya 2. NSs ya MP-12 bado inafanya kazi, na watafiti wameshatengeneza MP-12 isiyo na NSs. Ukipata jozi hiyo umepata ulinganisho kamili. Kama sheria ya nchi yako inakuruhusu, hilo ulizia kwenye kamati ya usalama wa kibayolojia ya chuo kabla hujaandika pendekezo, usiulize baadaye.

Vaksinia

Hiki ndicho kirusi kilichotumika kuitokomeza ndui. Kina DNA na jeni 200 hivi, kwa hiyo kina nafasi ya anasa ambayo virusi vya RNA havina. Seli iliyoambukizwa hutoa nje B18, kipokezi bandia kinachoinasa interferoni njiani kabla haijamfikia jirani. E3 hufunika RNA ya nyuzi mbili. K3 imejifananisha na eIF2-alfa, protini ambayo PKR huilenga, ili PKR ipoteze muda wake kwa sanamu. cGAS nayo ikihisi DNA hutengeneza molekuli ndogo, cGAMP, ya kuipa habari STING, protini inayoamuru interferoni itengenezwe. Vaksinia ina poxin, kimeng'enya kinachoikata molekuli hiyo. Kazi ya poxin ilielezwa mwaka 2019 tu, baada ya kirusi hiki kuchunguzwa kwa zaidi ya karne.

Anayetaka kujifunza kuhisi DNA hana chaguo jingine kati ya hivi vinne, na kwa aliye Kongo ya mashariki, Burundi au Uganda kuna sababu ya karibu zaidi: mpox ni ndugu wa vaksinia, na aina iliyotambuliwa Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023 ndiyo iliyochangia Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024. Chanjo iliyopelekwa huko imetokana na MVA, vaksinia iliyopitishwa kwenye seli za kuku zaidi ya mara 500 mpaka ikapoteza takriban asilimia 15 ya jenomu yake.

Lakini wingi wa silaha ndio unaomchosha mwanafunzi. Ukiondoa jeni moja, nyingine mbili zinaifunika, matokeo yanakuwa hafifu, nawe unabaki unaeleza kwa nini hakuna kilichobadilika. MVA haisaidii hapo. Imepoteza mambo mengi kwa pamoja hivi kwamba huwezi kuinyooshea kidole jeni moja. E3 ni hali ya pekee, kwa kuwa kuiondoa kunaonekana waziwazi. Ukichagua vaksinia, anza na E3 na PKR, ziache zile nyingine.

Ebola

Ilijulikana mwaka 1976, Yambuku huko Zaire ya wakati ule na Nzara upande wa Sudan. Katika kuhujumu kinga ni fundi hasa. VP35 hukalia ncha za RNA ya nyuzi mbili, palepale ambapo RIG-I ingeshika. VP24 hufanya kazi nyingine kabisa: hushika karyoferini-alfa, protini zinazobeba STAT1 kuiingiza kwenye kiini, kwa hiyo hata jirani akituma interferoni ujumbe unaishia mlangoni. Ndugu yake Marburg, aliyejitokeza Kagera mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024, hatumii VP24 kwa jambo hilo. Hutumia VP40 kuizuia JAK1, hatua moja kabla ya STAT1. Virusi viwili vya ukoo mmoja vimefika mahali pamoja kwa protini tofauti. Mada hiyo peke yake inatosha semina.

Shida inaanza unapotaka kuinyang'anya silaha. VP35 ni sehemu ya mashine inayonakili jenomu ya Ebola. Ukiitoa, hakuna kirusi tena. VP24 nayo inahitajika kirusi kipya kinapojifunga. Watafiti hulazimika kubadilisha asidi amino mojamoja, kama ile ya nafasi ya 312 katika VP35, ili kuharibu mshiko wa RNA bila kuharibu kunakili. Upande wa mnyama pia ni mzito: panya wa kawaida waliokomaa hawaugui Ebola iliyotoka kwa binadamu, ndiyo maana hutumika kirusi kilichozoeshwa panya au panya wasio na IFNAR. Na yote hayo hufanyika kwenye ngazi ya 4.

Unachoweza kufanya kwenye maabara ya kawaida ni kuiweka VP35 au VP24 peke yake kwenye plasmidi (duara dogo la DNA), au kutumia minijenomu, kipande cha jenomu kisichoweza kuambukiza. Hapo unajifunza protini. Maambukizi hujayaona. Si kosa, mradi kichwa cha tasnifu kiseme hivyo.

Na Zika?

Naulizwa mara nyingi, hasa na Waganda, kwa kuwa kilipatikana mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe. NS5 yake huiharibu STAT2 ya binadamu lakini haiwezi ya panya. Ni somo moja zuri sana kuhusu kwa nini kirusi humdhuru huyu na kumwacha yule, na linaweza kusomwa jioni moja. Kwa mwaka mzima, hapana, isipokuwa kama una fedha za panya waliopewa STAT2 ya binadamu.

Nani achukue nini

Mwenye maabara ya ngazi ya 2 na bajeti ndogo achukue influenza, atumie aina ambayo NS1 yake ni kamili, na aandike wazi hali ya Mx1 ya panya wake. Mwanafunzi wa mifugo, au yeyote ambaye kazi yake ni kusoma na kuwasilisha bila kugusa kirusi, achukue Bonde la Ufa bila kusita. Hata asipoona seli hata moja, mantiki ya NSs inafuatika kwenye karatasi. Anayevutiwa na DNA, au anayefanya kazi na wagonjwa wa mpox, achukue vaksinia na abaki kwenye E3. Ebola amwachie yule ambaye msimamizi wake tayari ana ushirikiano na maabara ya ngazi ya 4, au yule atakayeridhika na VP35 kwenye plasmidi.

Vyovyote utakavyochagua, angalia seli kabla ya kuagiza kirusi. Maabara nyingi za kwetu zina Vero kwenye jokofu, seli za figo ya tumbili wa Afrika zilizoanzishwa Japani mwaka 1962, kwa sababu karibu kila kirusi hukua humo. Hukua kwa sababu seli hizo zimepoteza jeni za interferoni ya aina ya kwanza. Zinaweza kuisikia ukizimwagia, ila zenyewe hazitoi. Ukiweka Clone 13 na kirusi kamili cha Bonde la Ufa ndani ya Vero, utaona vyote viwili vinakua, na utahitimisha kwamba NSs haina kazi. Zitumie kuzalishia kirusi, kisha kwa swali la kinga tafuta seli zinazotoa interferoni, kama A549 za mapafu ya binadamu, na uzipime kwanza kwa RNA ya nyuzi mbili uone kama kweli zinaitika.